Saini ya Masouda

Wifi yangu Masouda hajapata kuonja pombe tangu azaliwe. Nalitanguliza hilo kwa sababu ipo serikali huko Ulaya, ya makomunisti, iliyoandika kuwa ni mlevi na ikapiga muhuri. Jina la nchi hiyo silitaji, nisijichafue mdomo.

Aliondoka Unguja mwaka sitini na nne kwenda kusomea uuguzi kwa makomunisti hao. Sitini na saba, anatoka zamu mchana kweupe, vijana wanne wakamzingira, mikono juu, wanamsifu Hitla. Wakampiga hata wakamvunja mkono. Akaenda kushtaki. Wakaja wale polisi wa siri, wasiovaa sare, wakamwambia, "Mafashisti kwetu hawapo. Tulishawamaliza."

Ebo! Mkono ulivunjwa na jini? Wakaandika kwamba alilewa akaanguka ngazini. Wakamtaka atie saini, la sivyo hatoki nchini. Akatia. Skuli ikamfukuza na kumkabidhi nakala ya karatasi hiyo, na miaka yake ya masomo imeandikwa humo. Unguja, baada ya Mapinduzi, hakukuwa na nyumba ya kurudi tena, akaja kwetu Kuwait.

Sasa mwaka huu wa sabini Maskati imetufungulia milango sisi wenye asili ya huko, tumekuja, na hospitali inataka wauguzi. Karatasi pekee inayoonyesha kuwa Masouda amesoma miaka mitatu ni hiyo hiyo inayomwita mlevi.

"Ichane, wifi!" nikamwambia.

"Nikiichana, nitakuwa nimewasaidia."

Tukakaa mbele ya Sheikh Marhoon, mwenye kuajiri, naye mzaliwa wa Unguja. Akamwomba Masouda amfasirie ile karatasi. Masouda akasoma yote, hata hilo la ulevi.

"Na wewe ukakubali maneno haya?" Marhoon akauliza.

"Tazama saini yangu, Sheikh."

Ilikuwa mstari mrefu wa herufi za Kiarabu. Akajaribu kuusoma kwa Kiarabu, haukusomeka. Akaanza tena kwa Kiswahili, kama sote tulivyozoea kuandika barua za nyumbani: "Sikulewa. Sikuanguka. Nimepigwa na watu wa Hitla, na hawa wanawaficha."

Akavua miwani. "Na muhuri huu?"

"Wameupiga wenyewe, juu ya maneno yangu."

Kazi amepata, anaanza Jumamosi. Lakini mimi sijapoa, na sipoi! Faili wanalo kabatini mwao, ukweli umo ndani na muhuri wao juu yake, na wale vijana wanne hakuna aliyewauliza hata majina yao.