Macho Huchorwa Ukutani

Tulifika jijini saa nne asubuhi, shangazi akiwa amekumbatia kiboksi chake cha rangi kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Maonyesho yangefunguliwa saa kumi jioni, na kesho yake tungerudi nyumbani. Alikuwa na saa sita za kumaliza kazi moja tu: macho ya bibi.

Shangazi ni fundi wa mabango. Kwa miaka ishirini na sita amewachorea vinyozi vichwa vilivyonyolewa, madaktari wa meno amewachorea vinywa vinavyocheka. Sura ya mtu haimalizii karakanani. Bango likikaa juu ya mlango, macho yatazame chini. Likikaa usawa wa watu, yatazame mbele. Kwa hiyo huchora kila kitu, akaacha macho, kisha siku ya kutundika hupanda ngazi na kuyamalizia palepale. Wateja wake wanajua, mafundi wenzake hufanya vivyo hivyo. Haikumpitia akilini kwamba kuna mtu asiyejua.

Picha ya bibi aliichora kwenye mlango wa kabati la zamani. Bibi alikaa kitini wiki mbili akilalamikia mgongo, kwa sharti moja.

"Usinitoe kipofu. Na hii pua ipunguze."

Picha ilitangulia jijini bila macho. Fomu ya maonyesho niliijaza mimi, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba. Palikuwa na sehemu ya kueleza maana ya kazi. "Andika ni mama yangu," shangazi alisema. Nikaona maneno hayo ni machache mno, yatatuaibisha. Nikaandika mistari sita kuhusu wanawake wanaotazamwa maisha yao yote bila kuruhusiwa kutazama. Sikumsomea.

Msimamizi wa maonyesho, kijana mrefu mwenye miwani iliyopandishwa kichwani, alitupokea kwa mikono miwili.

"Mama, karibu! Picha yako ndiyo gumzo la jengo zima."

Ilikuwa imetundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe, taa mbili zikiimulika. Chini yake palibandikwa kadi: *Asiyetazama*. Shangazi hakuisoma. Alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja.

"Umeiweka vizuri. Macho yataelekea mlangoni. Naomba kiti nipande."

"Kiti cha nini, mama?"

"Nimalizie macho."

Yule kijana alicheka. Kisha akaona kiboksi kinafunguliwa, kicheko kikakatika. "Mama, utanipandisha presha! Kazi imekamilika. Imechapwa hivi kwenye kijitabu cha maonyesho. Leo kamati inachagua picha tatu za kwenda nje ya nchi pamoja na wachoraji wake, na yako inaongoza."

"Iende nje bila macho? Si itajikwaa."

"Ukiigusa inatoka kwenye orodha. Si uamuzi wangu. Na isitoshe, maelezo yako mwenyewe yanasema..." Akafungua kijitabu, akasoma mistari yangu sita kwa sauti. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Maneno mazuri," shangazi alisema polepole. "Ya nani?"

"Yangu, shangazi."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikwenda kukaa kwenye benchi, kiboksi mapajani. Saa sita ikapita, saa saba. Nilimletea maji, hakuyanywa. Mara moja tu aliuliza, bila kunitazama, "Hivi fundi wa mabango huitwa nje ya nchi mara ngapi?"

Nikaiacha chupa ya maji kando yake.

Saa kumi na robo ukumbi ulijaa. Wanakamati watatu walisimama mbele ya picha ya bibi wakiandika kwenye madaftari yao. Ndipo bibi mwenyewe akaingia, ameshika mkono wa baba yangu aliyemleta kwa basi la mchana, amevaa gauni lake la harusi za watu. Alikwenda moja kwa moja ukutani.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, mama," shangazi alisema.

"Pua nimeiona. Macho yako wapi?" Akageuka kuutazama ukumbi. "Yaani watu wote hawa wamekuja kunitazama, mimi nimekaa tu kama boga?"

"Bibi, hiyo ndiyo maana yake," msimamizi alisema, akitabasamu kwa shida.

"Maana yake kwa nani? Mimi niliahidiwa macho."

Shangazi akafungua kiboksi.

"Mama, nakuomba," kijana alinong'ona. "Fikiria."

"Nimefikiria tangu asubuhi, mwanangu."

"Sitaweza kukutetea."

"Najua."

Akanigeukia. "Wewe mwenye maneno, shika kikopo."

Nilikishika kwa mikono miwili kile kikopo cha rangi nyeusi. Shangazi alivuta kiti, akapanda, akamwambia bibi asimame mlangoni amtazame. Watu wakampisha bibi njia. Rangi ile haifutiki. Brashi ikiteleza, uso umeharibika. Jicho la kwanza lilipotokea, mwanamke mmoja wa kamati alifunga daftari lake. Shangazi aliliona daftari likifungwa. Akachovya tena brashi, akachora la pili, na mwisho tone jeupe katika kila jicho.

Bibi alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, akarudi, akiikazia macho picha.

"Ananifuata," alisema hatimaye. "Lakini pua hujapunguza."

Ukumbi ulicheka. Kamati haikucheka. Majina matatu yaliposomwa, la shangazi halikuwemo. Alipiga makofi na wengine, vidole vyake vikiwa vyeusi.

Baadaye msimamizi alikuja, akabandua ile kadi mwenyewe. Alisimama nayo kama hajui pa kuitupa.

"Sasa tuandike nini hapa?"

"Muulize huyo," shangazi alisema, akifuta brashi. "Safari hii anajua."

Kijana akanipa kadi mpya na kalamu. Niliandika, *Mama yangu*, nikaibandika.