Kisigino cha Upawa

Mwaka wa kwanza niliocheza gofu na mjomba wangu, tulishindwa na watu wa Temeke, na iliyoshindwa hasa ni mikono yangu. Sisingizii upepo. Katika mashimo sita, mjomba aliufikisha mpira karibu na shimo mara sita, hatua kumi na tano, hatua ishirini, na kila mara ikawa zamu yangu kuumalizia ule mwendo mfupi. Mara nne mpira ulipita juu ya shimo ukaenda kusimama kwenye mihogo iliyoanikwa na watu.

"Mwalimu, kengele imelia!" walinipigia kelele watu wa Temeke. "Waruhusu wanafunzi waende nyumbani!"

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu huko Kampala, nafundisha hesabu Chang'ombe, na nilikuwa na tabia ambayo haikunipatia marafiki wengi: nikiambiwa jambo, nauliza nani kalipima. Siku ile sikuwa na la kuuliza.

Mtu akisikia gofu, anafikiri ule uwanja wa Wazungu mjini, wenye majani yanayomwagiliwa maji. Mjomba alikuwa kedi pale, mbeba mfuko wa fimbo, kwa zaidi ya miaka ishirini. Lakini mchezo wetu tuliucheza Kinondoni, nyuma ya nyumba za mwisho, kwenye ardhi ambayo hakuna aliyeilima kwa sababu ilikuwa ngumu kama sakafu. Makedi walichimba mashimo sita, wakazika makopo ya maziwa, na kuzunguka kila kopo wakatandaza mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, wakaushindilia mpaka mpira ukaweza kubingirika juu yake. Pale tulipaita brauni. Temeke nao walikuwa na uwanja wao. Siku moja baada ya Krismasi, Wazungu wakiwa wamelala na makedi hawana kazi, tulishindana: mwaka huu kwetu, mwaka ujao kwao.

Sheria zetu hazikuwa kwenye kitabu chochote. Kila upande ulitoa jozi moja yenye mpira mmoja: unapiga wewe, halafu napiga mimi. Na kwa kuwa fimbo zilikuwa adimu, kila jozi iliruhusiwa fimbo tano, basi. Katika hizo tano, moja ilikuwa ya kunyanyulia mpira ukiwa karibu na shimo. Waingereza huiita weji. Sisi tuliiita upawa, kwa kuwa uso wake umelala kama upawa wa kuchotea mchuzi. Upawa ulikuwa mmoja tu, na ukikukataa huna pa kukimbilia.

Jioni ya siku ile wachezaji wa Kinondoni walikaa barazani kwa mjomba. Aliyesema kwa sauti kuliko wote alikuwa mpishi wa nyumba moja ya Mzungu, mtu mwenye tumbo na utani.

"Mzee, mpwa wako kasoma sana," alimwambia mjomba, "lakini mpira haujui kusoma. Mwakani tukupe mtu mwingine."

"Mwakani nitakuwa naye tena," mjomba akasema.

"Akiharibu tena je?"

"Akiharibu tena, mie naacha. Mtatafuta jozi nyingine, sio mtu mwingine."

Mchezo ule ndio kitu pekee ambacho mjomba alikifanya kwa fimbo bila kumbebea mtu. Nilitazama miguu yangu, na pale pale nikaamua kwamba mwaka mzima ungekuwa wa hatua ishirini za mwisho.

Nilianza na upawa wenyewe. Mjomba aliachiwa na Mzungu mmoja aliyehamishwa, na Kinondoni nzima ilisema hakuna ulio bora kama ule. Soli yake, yaani sehemu ya chini inayogusa ardhi, ilikuwa nene, imevimba kama tumbo la samaki.

"Bora kwa ardhi gani?" nikauliza.

"Ardhi ni ardhi," mpishi akanijibu. "Au Kampala mnapiga mpira hewani?"

Kulikuwa na duka la misumari na rangi karibu na soko, la Mhindi mmoja wa Kishia ambaye familia yake ilikuwa mjini tangu enzi za Mjerumani. Nyuma ya kaunta alikuwa na pipa la fimbo alizonunua kwa Wazungu waliorudi kwao. Nilizitoa moja moja, nikazilaza kwenye kaunta, nikainama kutazama soli zake. Nikazitoa tena. Wateja wawili walikuja, wakanunua, wakaondoka.

"Mwalimu," akasema mwenye duka, "umekuja kununua au kusahihisha mtihani?"

"Nataka tatu kwa wiki mbili, bwana. Nikazijaribu."

"Ukinunua viatu, unakwenda navyo harusini kwanza, halafu ndio unarudi kusema vinabana?"

"Ningeweza, ningefanya hivyo."

Alicheka, akazifunga tatu kwa kamba. "Utakayoivunja, umeinunua."

Moja ilikuwa na soli nene kama ile ya mjomba, ya pili soli nyembamba kama ya kisu, ya tatu ilikuwa ya zamani yenye mpini wa mti. Nilichukua na ule wa mjomba, zikawa nne. Kila alasiri baada ya shule nilipanda baiskeli hadi Kinondoni, nikaweka mipira ishirini kwenye hatua kumi, halafu ishirini, halafu thelathini. Kila pigo nililiandika kwenye daftari: mpira umeanguka wapi, umesimama wapi. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, nikaifunga vitambaa nikaendelea. Majirani walizoea. Mama mmoja aliyeanika mihogo karibu na shimo la tatu alikuwa akiniuliza kila jioni, "Leo wangapi wamefaulu?"

Wiki mbili zilipokwisha daftari lilikuwa na jibu. Mpini wa mti au wa chuma haukuleta tofauti kubwa. Kilicholeta tofauti ni soli. Kwenye ardhi ngumu ya Kinondoni soli nene iligonga chini ikaruka, na ukingo wa mbele ukaupiga mpira tumboni badala ya kupita chini yake. Ndiyo sababu ya mihogo yote ile. Soli nyembamba ilipita safi, lakini uso wa fimbo ile haukulala vya kutosha. Mpira ulishuka chini ukakimbia kupita shimo. Nilichohitaji ni uso wa upawa wa mjomba juu ya soli ya ile nyembamba. Fimbo kama hiyo haikuwemo ndani ya pipa.

Nikarudisha zile tatu. Siku iliyofuata nikaupeleka upawa wa mjomba Chang'ombe, kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa akifua majembe na mapanga kwa vyuma vya springi za lori. Mjomba aliniruhusu bila kuuliza, na mpaka leo nashangaa kwa nini.

"Shikamoo, fundi. Nataka soli hii iondolewe yote, ibaki bapa."

"Marahaba. Yote?" Aliugeuza upawa, akaupima uzito kwa kiganja. "Chuma hakioti kama nywele, mwanangu."

"Nimeshapima."

Alikanyaga pedali ya jiwe la kunolea na cheche zikaruka. Akamalizia kwa tupa, polepole, akipuliza unga wa chuma kila mara. Aliponirudishia, nusu ya mbele ilikuwa nyembamba kama nilivyotaka. Nyuma alikuwa ameacha uvimbe, kama kisigino cha kiatu.

"Hapa hujamaliza, fundi."

"Nimemaliza leo. Kaupigie. Ukiona kinakusumbua, rudi nikiondoe, sikudai kitu. Nikikiondoa sasa halafu ukakitaka, utanifanyaje?"

Niliondoka nimenuna. Nilimwendea mtu na vipimo vya wiki mbili, naye ananijibu kwa kuhisi na kiganja. Lakini kwenye ardhi ya Kinondoni upawa ule ulifanya kila nilichokitabiri. Mpira ulinyanyuka, ukaanguka, ukabingirika kidogo, ukasimama. Jumapili nilimwonyesha mjomba daftari, ukurasa baada ya ukurasa. Hakujua kusoma, ila tarakimu alizijua, na alizifuata kwa kidole.

"Hii yote umepima wapi?" akauliza.

"Hapa hapa, mjomba."

"Na mwaka huu tunacheza wapi?"

Alinirudishia daftari akaenda kutia maji kwenye birika.

Temeke. Shule yangu ilikuwa karibu na Temeke kuliko Kinondoni, na sikuwa nimekwenda hata mara moja. Mimi, mwulizaji wa maswali, nilikuwa nimemwuliza kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe.

Kesho yake nilikwenda. Uwanja wao ulikuwa mchanga mtupu, tifutifu, unaozamisha kiatu. Niliweka mpira, nikapiga kama nilivyojizoeza, na ukingo mwembamba ukajichimbia kama jembe. Mpira ulisogea hatua mbili. Nilipiga tena, vilevile. Nyuma yangu mtu akacheka. Alikuwa dereva wa lori, mkubwa wa jozi yao, aliyekuwa na kipaji cha kutokea mahali asipotakiwa.

"Mpelelezi wa Kinondoni!" akasema. "Endelea, mwalimu, usione haya. Unatulimia bure."

"Mnaniruhusu kujaribu?"

"Jaribu mpaka Krismasi. Sie tushapata upawa wetu kwa yule Mhindi, wa soli nene. Alisema kuna mwalimu alimrudishia, eti haufai."

Usiku ule sikula. Niliupigia hesabu kila upande. Kununua nene nyingine sikuweza, pipa halikuwa nayo tena. Kubeba pawa mbili kungenipokonya moja ya zile fimbo tano ambazo mjomba alizihitaji kwa mapigo marefu. Chuma kilichokwenda kwenye jiwe la fundi hakingerudi. Kilichobaki ni kile kisigino.

Alasiri iliyofuata nilikaa kwenye mchanga wa Temeke na upawa mapajani, nikautazama kama mtu anayetazama fimbo kwa mara ya kwanza. Niliusimamisha wima: kisigino kilikaa juu, hakikugusa kitu. Nikaufungua uso ukatazama mbingu, na kisigino kikashuka, kikatangulia chini kuliko ukingo. Nikasimama nikapiga hivyo hivyo, uso wazi. Kisigino kiliteleza kwenye mchanga kama mgongo wa kijiko juu ya uji, na mpira ukapanda, ukaanguka laini kwenye brauni.

Nilipiga mpaka giza likanizuia kuuona mpira. Kutoka siku ile nilikwenda mara tatu kwa wiki Temeke na mara tatu Kinondoni, nikafungua daftari la pili. Kabla ya Krismasi nilipita kwa fundi kumwambia kwamba kisigino kibaki.

"Kisigino gani?" akauliza. Alikuwa ameshasahau.

Siku ya mashindano Temeke walijaa, na utani ulianza kabla hatujafika. "Mwalimu, umekuja na chaki?" Katika mashimo matano ya kwanza nilipiga kutoka mchangani mara nne, uso wazi kila mara, na kila mara mpira ulikaa mahali ambapo mjomba aliweza kuumalizia. Walishinda mashimo mawili, tukashinda mawili, moja tukatoka sawa. Dereva aliacha kunitania, akaanza kumtania mwenzake. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza niliyowahi kuipata kutoka Temeke.

Shimo la mwisho wao walimaliza kwa mapigo matano. Sisi nilianza mimi, mjomba akapiga la pili, na mpira ukaanguka kwenye njia ya watu waendao bombani, njia iliyokanyagwa mpaka ikawa ngumu kama Kinondoni. Hatua kumi na mbili. Nilisimama juu ya mpira na uso wa upawa wazi, kwa mazoea ya siku nzima. Nikaacha. Nikainama, nikagusa ardhi kwa kidole. Nikaufunga uso, nikausimamisha wima, ukingo mwembamba mbele, nikapiga.

Mpira uliinuka kidogo, ukashukia pembeni mwa brauni, ukabingirika, ukasimama mkono mmoja kutoka kwenye kopo. Nilimsikia mpishi akipiga ukelele nyuma yangu. Ilibaki mjomba augonge uingie, la nne, tushinde.

Mjomba alichukua fimbo yake. Niliona vidole vyake vikitetemeka kwenye mpini, na nikajua kwamba havikuanza kutetemeka siku ile. Mimi tu sikuwa nimetazama. Akagonga. Mpira ulizunguka mdomo wa kopo, ukatoka. La tano nilimalizia mimi. Sare.

Tulirudi Kinondoni kwa miguu.

"Mwakani mtafutieni kijana mwenza mwingine," mjomba akamwambia mpishi. "Mikono imechoka."

Mpishi alinitazama mimi.

"Mwakani nitakuwa naye tena," nikasema.

"Akikosa tena je?"

"Akikosa tena, mie naacha. Mtatafuta jozi nyingine."

Mjomba aliendelea kutembea bila kugeuka, ila hatua zake zilipungua mpaka tukawa sambamba.

Kesho yake alasiri nilimkuta barazani. Nilikuwa na mipira ishirini kwenye mfuko wa mchele na daftari jipya. Tukaenda shimo la tatu, nikaweka mpira mkono mmoja kutoka kwenye kopo.

"Ishirini kutoka hapa," nikamwambia. "Halafu tunarudi nyuma kidogo."

Aliutazama mpira, akanitazama. "Mwakani tunacheza hapa hapa, lakini."

"Najua, mjomba. Jumamosi tunakwenda Temeke vilevile."