Kiapo Hakirudiwi

Mzee alikuja ofisini kwangu Kisii mjini siku ya mvua, amevaa koti lake la kanisani na gambuti, akifuatana na mjane wa marehemu mdogo wake. Walikuwa wametoka kijiji kimoja juu ya Ogembo. Mjane alikuwa na kesi ya urithi. Alitaka shamba la mumewe, chai upande mmoja na migomba upande wa pili, liandikwe jina lake, lakini shemeji yake, kitinda mimba wa nyumba ile, alipinga. Alidai kwamba mama huyo hakuolewa, alikuja tu akakaa.

Kesi yenyewe ilishikwa na wakili mwingine, mwanamume niliyesoma naye chuo kikuu. Kwangu walifuata jambo moja tu. Mzee alitakiwa aape mbele ya kamishna wa viapo kwamba ni yeye, kaka mkubwa, aliyepeleka ng'ombe wa mahari kwa wazazi wa mama huyo.

Nilimsomea hati yote kwa Ekegusii, lugha yetu, polepole. Alinikatiza mara moja.

"Hapo umesema fahali," akasema. "Hakuwa fahali. Alikuwa mtamba, na alikuwa na mimba."

Nikarekebisha, tukatia saini pembeni. Nilipompa Biblia, alivua kofia kwanza, kisha akaipokea kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mimi sijaapa tangu nizaliwe," akaniambia. "Unajua kwetu kiapo ni nini. Mtu akiapa uongo, nyumba yake inakwisha. Leo naapa kwa sababu huyu mama ana haki, na hakuna mwingine aliye hai aliyewaswaga wale ng'ombe njiani."

Mimi ni mzaliwa wa Nyamira, nililelewa na bibi aliyeshusha sauti kila alipotaja *emuma*, kile kiapo cha zamani. Kwa hiyo nilielewa. Aliapa, akaweka saini, nikagonga muhuri wangu. Mjane alifuta machozi kwa ncha ya leso, wakaenda zao.

Wakati ule sikuwa na leseni.

Leseni ya wakili hapa Kenya huisha mwaka unapoisha. Bila leseni hiyo, muhuri wa kiapo hauna nguvu, wala ule wa kuthibitisha hati za watu wanaokwenda ng'ambo. Ili upewe mpya, lazima uwe umehudhuria semina za mwaka na pointi zako zimeandikwa. Semina moja niliifuata kwa kompyuta pale ofisini. Stima ikapotea, ikarudi, wateja wakaingia, nikaiacha ikiendelea kuzungumza peke yake. Sikuhesabiwa kuwa nilikuwepo. Nilipotuma maombi ya leseni, mtandao ulionyesha kwamba bado yanashughulikiwa. Nikajiambia yatapita kama miaka mingine. Ukutani niliacha cheti cha mwaka uliopita, nami nikaendelea kugonga muhuri.

Yule niliyesoma naye alinipigia simu nikiwa saluni, kichwa kimejaa povu.

"Umesimama au umeketi?" akaniuliza.

"Nimeketi. Kuna nini?"

"Wakili wa yule shemeji ametafuta jina lako kwenye orodha ya mawakili wenye leseni. Halimo. Amelisema mahakamani, mbele ya watu wote."

Nilimwashiria msusi asimame.

"Hakimu hakukasirika," akaendelea. "Amesema ili kuondoa shaka, mzee aape upya mbele ya kamishna mwingine. Lakini mzee amekataa. Amesimama akatoka nje. Nimejaribu kumbembeleza, hataki hata kunisikia. Bila neno lake yule mama hana kesi."

Niliomba nisuuzwe kichwa nikaondoka na nywele zinachuruza. Njiani watu wawili walinisalimia, "Wakili, habari ya leo?" nikahisi kama wananisuta, ingawa hawakujua lolote. Ofisini nilifunga muhuri ndani ya droo. Nikawaandikia wanaotunza orodha ya mawakili kueleza nilichofanya, kisha nikaanza kuwapigia simu wote walioapa kwangu tangu mwaka uanze. Wengine walicheka, wengine walinitukana. Mwanamke mmoja wa Suneka aliniuliza kwa upole kama nilikuwa mgonjwa. Hilo ndilo lililonichoma kuliko matusi.

Kwa mzee sikupiga simu. Nilikwenda mwenyewe, nikashuka Ogembo na kupanda bodaboda hadi mwisho wa barabara ya murram isiyo na lami, halafu nikafuata njia ya miguu kati ya mistari ya chai.

Alinipokea kama mgeni wa heshima. Mkewe alipangusa kiti ambacho tayari kilikuwa safi, akaleta ndizi mbivu na chai ya maziwa, akaomba kwa sauti, akamshukuru Mungu kwa kumleta wakili nyumbani kwao. Nilikaa nimeinamisha kichwa hata baada ya amina. Sikuweza kula.

"Mzee," nikasema, "kosa ni langu. Leseni yangu ilikuwa imeisha. Nilitakiwa kujua, na sikuangalia."

Alimenya ndizi yake taratibu.

"Nilipoapa nilimwapia nani, wewe au Mungu?"

"Mungu, mzee."

"Na yeye leseni yake ilikuwa imeisha?"

Hakusema kwa mzaha. Mkewe aliinuka akatoka nje, nadhani ili nisione uso wake.

"Kiapo hakirudiwi," mzee akasema. "Nikiapa tena, maana yake cha kwanza kilikuwa uongo. Huyu kitinda mimba wetu ameshaanza kupita kwenye kituo cha kununulia chai akisema mahakama imekataa kiapo changu. Watu wananitazama. Juzi mjukuu wangu aliumwa na tumbo, na mama yake alikuja kuniuliza, akiwa amepiga magoti, kama kuna jambo nililosema ambalo si kweli."

Sikuwa nimefikiria hilo kabisa. Niliwaza hati, hakimu, leseni. Kumbe mtu huyu alikuwa anashukiwa na wakwe na watoto wake kwamba ameita kifo kwake, kwa sababu yangu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha nikamweleza jambo ambalo ningalimweleza siku ile ya kwanza kama ningalikuwa makini. Sheria haimlazimishi mtu kuapa. Mtu ambaye dini yake au dhamiri yake inamkataza anaweza kuthibitisha tu kwamba asemayo ni kweli, bila Biblia, bila kuapa, na neno lake likawa na uzito uleule.

"Kwa hiyo si kiapo?"

"Si kiapo. Ni neno lako."

Alimega ndizi, akawarushia kuku waliokuwa wakichakura mlangoni.

"Neno langu nitalitoa," akasema. "Lakini kwanza wewe utatoa lako. Jumapili ukoo unakutana kwangu. Uje useme mbele yao kosa lilikuwa la nani."

Ningeweza kumwambia nitaandika barua. Neno lilinifika mdomoni, nikalimeza.

Jumapili walikuwa wameketi nje kwenye viti vya plastiki vya kukodi na mabenchi, wanaume mbele, akina mama pembeni, mjane nyuma kabisa. Yule shemeji mdogo alikuwepo, mwanamume wa makamo, mchangamfu, mwendesha bodaboda. Nilisimama na suti yangu ya mahakamani, ambayo sijui kwa nini niliivaa, nikasema kwa Ekegusii kwamba mzee aliapa kweli na aliapa vizuri, na kwamba aliyekosa ni mimi, niliyepokea kiapo bila kibali cha kukipokea.

Shemeji akanyoosha mkono.

"Madam, mimi bima yangu ikiisha hata siku moja, polisi wananishusha kwenye pikipiki. Wewe ulisoma mpaka wapi?"

Watu walicheka. Nami ningecheka kama ningekuwa mmoja wao. Nikajibu, "Nilisoma mpaka mahali ambapo nilipaswa kujua." Walicheka tena, lakini kidogo.

Mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo mtoto yule aliyeumwa na tumbo hana kitu?"

"Hana kitu cha kiapo, mama. Mzee hakusema uongo."

Nikaona mkamwana wa mzee, aliyesimama na mtoto mgongoni, akifunga leso yake upya na kuketi. Hakuna aliyenipigia makofi. Waliendelea na shughuli nyingine za ukoo, nami nikabaki pale nimesimama kwa muda, bila kujua kama nimeruhusiwa kuondoka, hadi mke wa mzee aliponishika kiwiko na kunionyesha njia.

Wiki ile mzee alithibitisha maneno yake mbele ya kamishna mwingine, ofisi tatu kutoka yangu. Mimi nilimsubiri kwenye ngazi, maana sikuwa na kazi humo ndani. Kesi ilikwisha baadaye, na mjane akapewa shamba. Nilisikia kwamba shemeji yake alimpeleka mwenyewe kwa pikipiki siku ya kuchukua hatimiliki, na sijui walizungumza nini njiani.

Leseni yangu ilitoka baada ya kuhudhuria semina upya na kupewa onyo la maandishi. Mzee hajarudi kwangu. Watu wake wakiwa na hati huwapeleka kwa yule mwingine. Nimekutana naye mara moja, kwenye mteremko wa Nyanchwa, watu wakitoka kanisani. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza habari za mama yangu Nyamira, akanitambulisha kwa rafiki yake: "Huyu ni wakili wetu." Nilimshukuru, nikatafuta kisingizio cha kuondoka haraka.

Siku hizi kabla ya kumwapisha mtu yeyote namgeuzia kompyuta aone jina langu kwenye orodha ya mwaka huu. Wengi hawaelewi ninachoonyesha. Juzi mwanamke aliyekuja kuapa kwamba amepoteza vyeti vyake vya shule alitazama, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Sawa, madam, lakini mimi nina haraka, nataka muhuri tu." Nilimwambia asome kwanza. Akasoma jina langu kwa sauti, lote, na masikio yangu yakawaka moto.