Matairi Mawili Mapya na Mama Mkwe Mgongoni

Aibu hii nimeificha kwa muda wa kutosha, na kwa kuwa waliokuwapo barabarani siku ile wameshaisimulia nusu ya Songea kwa namna zao, nimeona ni heri niieleze mwenyewe bila kujipunguzia chochote, maana mtu aliyezoea kuwahukumu wenzake hana budi naye kukaa japo mara moja kwenye kiti cha mshtakiwa. Mimi ni mwalimu mkuu. Katika kila kikao cha wazazi nimekuwa nikiwakemea wale wanaomnunulia mtoto shati la sare wakaacha suruali, au madaftari wakaacha kalamu, na kauli yangu (ambayo nakiri niliipenda kupita kiasi) ilikuwa moja: nusu ya wajibu si wajibu.

Gari langu ni la aina ile ambayo magurudumu yote manne husukuma kwa pamoja, na mvua zilipoanza matairi yake yalikuwa yamelika hadi yakafanana na kichwa changu. Nililipeleka kwa Issa, fundi wa matairi pale Mfaranyaki, mtu wa Tunduru, mpole, asiyeshika spana kabla ya kusema bismillahi. Alinipa shikamoo, akamsalimu na mke wangu, Mama Agnela, niliyekuwa naye, akalizunguka gari akipitisha kidole kwenye kila tairi, kisha akasema yote manne yabadilishwe. Nikamwambia afunge mawili tu ya mbele, ya nyuma yangoje mwisho wa mwezi. (Ukweli ni kwamba wiki ile ile nilikuwa nimeagiza rafu ya vitabu ya mninga, na sikuwa tayari kuiahirisha.)

"Mwalimu, gari hili si kama mengine," Issa akasema. "Tairi jipya ni kubwa kuliko lililolika, hata kama saizi ni moja. Ukichanganya, ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa, na huku chini vyuma vinavutana mpaka vinaungua. Halafu huko nyuma penye kipara patateleza. Bora usubiri upate yote."

Nilimjibu kwa hotuba ndefu juu ya wafanyabiashara wanaotubunia mahitaji tusiyokuwa nayo. Alinisikiliza hadi mwisho, akainama, akafunga mawili.

Siku ya Ijumaa nilitakiwa kumchukua mama mkwe wangu kutoka kwake, juu kabisa kwenye miteremko ya Matogoro. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, hata mjukuu alimtambua kwa sauti tu. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja mjini kwa wiki moja, jina lake limeandikwa, na tulikuwa tumeonywa kwamba asiyeitika hadi saa sita mchana nafasi yake inapewa mwingine, na madaktari watarudi lini hakuna aliyejua.

Nieleze pia kwamba nimelelewa katika nyumba ya Kingoni, ambako mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hamshiki mkono, na huzungumza naye kwa mbali akiwa ameinamisha macho. Kwa miaka ishirini nimeitunza heshima hiyo kama sheria. Kwa hiyo alipoketi nyuma yangu na rozari yake, nilikigeuza kioo cha ndani kikaelekea darini ili macho yetu yasikutane, nikaanza kuteremka huku sioni chochote cha nyuma.

Tangu wakati wa kupanda, kila nilipokata kona kali gari lilitetemeka kama mnyama anayevutwa asikotaka kwenda, na harufu ya mafuta yanayoungua ilikuwa ikipanda kutoka chini ya miguu yetu. Mama Agnela, aliyekuwa ameketi kando yangu, alishusha kioo cha mlango wake. Aliyesema ni mama yake.

"Baba, huku chini kuna kitu kinalia."

Nikajibu kwamba ni barabara tu, mama, kisha (na hili ndilo linaloniuma kuliko yote) nikaongeza sauti ya redio, kwaya ikaimba kwa nguvu, na mlio ule sikuusikia tena.

Kwenye kona ya pili, palipokuwa na tope jekundu lililolowa usiku kucha, sehemu ya nyuma ya gari ilitoka. Sina njia nyingine ya kulieleza jambo hilo. Mbele tulikuwa tunakwenda, nyuma ilikuwa inatupita. Nilikanyaga breki, usukani ukawa mgumu kama jiwe, tukazunguka polepole (polepole kiasi cha kuniwezesha kuwaza nani atawalea watoto wangu) tukasimama tukiwa tumeikata barabara, gurudumu la nyuma la kushoto likiwa linaning'inia juu ya korongo, na chini kabisa maji yanasikika. Mama Agnela alifungua mlango wake kidogo, akaufunga. Akaninong'oneza kwamba hakuna ardhi upande ule.

Mguu wangu ulibaki kwenye breki, nikiukandamiza kwa mikono miwili. Kila mtu alipovuta pumzi ya nguvu gari liliinama kidogo kuelekea korongoni. Nilitamani kuizima redio nikaogopa kunyoosha mkono. Nyuma yangu punje za rozari zilikuwa zikigongana moja baada ya nyingine, bila haraka, na mimi niliyesoma vitabu vingi sikuweza kukumbuka hata sala moja hadi mwisho.

Waliotuokoa ni watu waliokuwa wakitoka kwenye mashamba ya maharage. Walifunga kamba kutoka kwenye gari hadi kwenye mti wa mlingoti, wakaweka mawe, wakawatoa wanawake kwa mlango wa kulia, mwishowe wakanitoa na mimi. Wengi walikuwa wazazi wa shuleni kwangu. Hawakucheka. Waliyatazama matairi ya nyuma, wakayatazama ya mbele, na hapo Mama Kosmas, ambaye mwaka uliopita nilimfokea hadharani kwa ajili ya suruali ya mwanawe, akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, ile nusu ya wajibu ulisema ni nini vile?"

Saa tano ilikuwa imeshapita. Bodaboda hazikuweza kupanda kwenye tope lile, na mama mkwe hakuweza kuona mahali pa kukanyaga. Wanaume wawili wenye nguvu walijitolea kumbeba hadi kwenye lami. Akakataa.

"Aliyenitoa nyumbani yupo," alisema. "Anibebe yeye."

Watu wakatupisha. Nikainama mbele ya umati, na mwanamke ambaye kwa miaka ishirini nilikuwa sijawahi hata kumgusa kiganja akapanda mgongoni kwangu. Kuteremka kule kuliniogofya kuliko gari, kwa sababu kila hatua niliona tunaanguka. Kidevu chake kilikuwa karibu na sikio langu.

"Fundi alikwambiaje?" akauliza taratibu.

Nikamweleza yote, hata habari za rafu. Akajiweka sawa mgongoni mwangu.

"Kumbe ulijua," akasema.

Tulifika kwenye lami, ambako alipakiwa kwenye bodaboda kati ya dereva na Mama Agnela. Jina lake lilikuwa limeitwa mara mbili. Aliitika mara ya tatu.

Baada ya wiki mbili, macho yakiwa yamefunguka, alikuja kwetu, na kabla hajaingia ndani aliomba aone gari. Alilizunguka akitia vidole kwenye mifereji ya kila tairi, yote manne mapya, mimi nikiwa nimesimama mbali, macho chini kama ada. Kisha akasema nifungue nyuma. Nikafungua. Tairi la akiba lilikuwa pale, kipara. Aliligusa, akainua uso, akanitazama machoni moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

Jioni hiyo hiyo nilikuwa kwa Issa. Vitabu vyangu vingali kwenye maboksi, na ile kauli yangu sijaitamka tena kikaoni. Mama Kosmas hukaa mstari wa mbele.