Fundi wa Kamera za Springi Aliyedanganywa na Jicho Lake

Saa tatu asubuhi, fundi anazungusha mkono wa chuma ulio ubavuni mwa kamera, taratibu, kichwa amekiinamisha kama daktari anayesikiliza kifua. Ndani springi inakaza, kri, kri, kri. Inapogoma anaacha hapohapo, haongezi hata nusu mzunguko. Kisha anabonyeza kitufe. Kamera inanguruma naye anahesabu kwa midomo, bila sauti.

"Sekunde ishirini na saba," anasema inaponyamaza. "Nzima hii. Na hapo hakuna betri wala umeme, ni jasho lako tu."

Kibanda chake kinaingia meza moja na nusu. Hiyo nusu imeliwa na vyerehani, maana ndivyo vinavyomlisha. Mwaka huu ametengeneza vyerehani zaidi ya mia mbili, na kamera za filamu saba. Ana miaka sitini na mitatu, na kazi hii alifundishwa na mjomba wake aliyekuwa fundi saa. Mtaani wanamwita Springi. Mkewe naye humwita hivyo, lakini siku akikasirika tu.

Mwandishi wa makala haya alikwenda pale akidhani atazungumza na mzee anayetunza vyuma chakavu. Kumbe kazi ipo, na ina mambo yake.

Kamera za aina hii zina kipande cha kioo cha pembetatu nyuma ya lenzi. Kioo hicho hugawa mwanga: sehemu kubwa huenda kwenye filamu, na kiasi kidogo hupanda hadi kwenye tundu la kuchungulia. Kwa hiyo mpiga picha anaona kilekile filamu inachokiona, hata wakati filamu inapita. "Jicho na filamu wanakula sahani moja," anaeleza Springi. Ubaya wake ni kwamba filamu inapunjwa, hivyo lazima ufungue lenzi zaidi kidogo. Na ukitoa jicho, ziba tundu, la sivyo mwanga utaingia kwa mlango wa nyuma uunguze filamu.

Halafu springi isiachwe imekaza kabatini. Ukimuuliza kwa nini, anakuuliza wewe: "Mtu akilala na hasira, anaamka na nini?"

Ndani ya tundu la kuchungulia kuna kioo cha ukungu, chembamba, ambacho picha hutua juu yake ili uione. Kioo hicho kikisogea hata unene wa unywele, wewe utaona sura kali, na filamu itapata sura nyingine. Kukiweka sawa ndiyo kazi inayomtofautisha fundi na mfungua skrubu. Springi ameifanya kwa jicho la kulia kwa miaka thelathini na nne.

Miezi miwili iliyopita, binti mmoja mpiga picha alirudi na filamu aliyoipiga kwa kamera iliyotoka mezani kwa Springi. Alikuwa amempiga filamu baba yake mdogo akisuka vikapu. Ukuta wa nyuma ulionekana hadi nyufa zake. Uso wa baba mdogo ukawa kama uji.

Binti hakupiga kelele. Springi ndiye aliyepiga. Alilaumu maabara, akalaumu lenzi, akamuuliza binti kama mkono wake ulikuwa unatetemeka. Jioni alikiweka tena kile kioo cha ukungu, akamwita mkewe achungulie, amwambie kama picha ni kali. Mkewe akasema haioni kali. Yeye akasema ni kali. Wakabishana mpaka chai ikapoa.

"Baba watoto," mkewe akamwambia mwishowe, "kamera haina kosa. Peleka jicho hospitali."

Hospitali walimwambia ana mtoto wa jicho, tena wa siku nyingi. Anakiri kwamba njiani akirudi alilia. Jicho halikuwa likimuuma hata kidogo. Lilikuwa likimdanganya kwa upole, naye akawa anavisogeza vioo vya watu ili vikubaliane na ugonjwa wake.

Alihesabu kazi zake za mwisho. Kamera tatu zilikuwa zimepita mikononi mwake tangu jicho lianze kumchezea. Ya binti ilikuwa imerudi, ya pili ilikuwa bado iko rafuni. Ya tatu ilikuwa kwa mwalimu mstaafu, na simu yake haipatikani.

Hapo ndipo Springi alipokosa usingizi. Mwalimu alikuwa ameshamwambia kwamba ana filamu moja tu, ameitunza kwenye friji miaka kumi na moja, mita thelathini, haifiki hata dakika tatu. Anaiweka kwa ajili ya mama yake. Siku mama anatimiza miaka tisini, ndiyo siku ya kuipiga.

Springi alimtafuta kwa siku nne. Alichokuwa nacho ni risiti yenye maneno "nyuma ya kituo cha mafuta", na vituo vya mafuta mjini viko vingapi? Alimpata siku yenyewe, Jumamosi asubuhi, viti vikipangwa uani. Kamera ilikuwa mezani, filamu imeshawekwa ndani. Kuifungua kamera pale ni kuimwagia filamu jua.

Akamweleza yote, jicho na kioo, bila kujitetea. Mwalimu akavuta kiti akakaa.

"Fundi, mama ana miaka tisini," alisema. "Nikimwambia arudie, arudie lini?"

Springi anasema alikuwa na aibu tu. Halafu akakumbuka jinsi wazee wa kazi walivyofanya kabla ya tundu la kuchungulia kuwa la kuaminika. Kioo cha ukungu kilikuwa kinadanganya, ndiyo, lakini namba za umbali kwenye lenzi zilikuwa bado zinasema kweli. Akaomba futi ya mshonaji. Wakakubaliana kwamba hakuna mtu atakayeamini macho yake siku hiyo.

Akashika ncha moja ya futi kwenye alama iliyo ubavuni mwa kamera, pale filamu inapokaa, akavuta ncha nyingine hadi puani kwa mama. Mwalimu akasoma namba kwa sauti, maana Springi hakuziona vizuri, kisha mwalimu mwenyewe akageuza lenzi hadi namba hiyohiyo.

Mama akamtazama yule mtu aliyekuja kwake na futi.

"Mbona mnanipima?" akauliza. "Mmeshamwita na seremala?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Mwalimu, machozi yakimtoka, akabonyeza kitufe. Springi akahesabu: ishirini na saba; wakakaza tena na tena mpaka filamu ikaisha. Tatizo ni kwamba mama naye alicheka, na katika kucheka akainama mbele, labda kiganja kimoja, asirudi nyuma tena. Katika umbali ule, kiganja si kitu kidogo.

Filamu imepelekwa kusafishwa mbali, itarudi baada ya wiki nane. Mwalimu amesema hataitazama peke yake; watakaa wote watatu, yeye, mama na fundi.

Springi anapasuliwa jicho Jumanne. Mpaka hapo amejipiga marufuku kugusa vioo, anatengeneza springi tu, ambazo husikilizwa kwa sikio. Anaogopa, na hafichi. Lakini kinachomuogopesha si kisu.

"Nimekuwa nikiomba jicho lipone," anasema, akiipangusa kamera kwa kitambaa. "Sasa fikiria limepona, nimekaa pembeni ya yule mama, taa imezimwa, na uso wake unatokea una ukungu. Siku hiyo sitakuwa na jicho la kusingizia."