Kikombe cha Dawa ya Minyoo

Nilipokuwa mtoto pale Burumba, nilifundishwa kwamba mimba changa haisemwi. Bibi yangu, mama yake baba, aliamini kuwa kuna watu wenye jicho na wengine wenye mdomo. Wakiitaja mimba kabla haijajionyesha yenyewe, inaharibika. Mama alipobeba tena, baada ya miaka mingi ya kukaa na mimi peke yangu, bibi aliniita jikoni. "Ukiulizwa mama yako ana nini, sema malaria. Basi." Nilimwombea mtoto huyo kila jioni, kimoyomoyo, kwa sababu hata katika sala niliogopa kusikika.

Mama alitapika mpaka akashindwa kushika jembe. Baba alikuwa utingo wa lori, na wakati huo alikuwa njiani kwenda Kampala. Ikabidi mama aende zahanati, nami nikamshika mkono.

Nyuma yetu kwenye foleni alisimama Taaka, rafiki yake mama, muuza simsim na mtu wa mzaha.

"Wewe, kutapika kila asubuhi namna hii? Ama kuna mgeni anakuja?"

Wanawake wakacheka.

"Mgeni gani, na bwana analala kwa lori?" mama akajibu. "Mimi niko na minyoo tu."

Wakacheka zaidi. Mtoa dawa, aliyekuwa dirishani, alikuwa amesikia. Akamimina dawa ya minyoo katika kikombe cha bati, lakini kabla ya kumpa akauliza, "Mama, huna mimba? Hii ni kali. Mwenye mimba hapewi."

Foleni yote ikatega masikio. Mama alinitazama, kisha akawatazama wale wanawake.

"Sina, daktari."

Ilikuwa sharti dawa hiyo inywewe pale pale dirishani. Akainywa.

Kabla ya Jumapili mimba ilitoka. Bibi hakuuliza habari ya kikombe. Aliuliza ni nani aliyetaja, na mama, akiwa amegeukia ukuta, akasema, "Taaka alitania." Ikawa hivyo. Taaka alipoleta uji, bibi alimkuta mlangoni. "Mdomo wako umeshiba. Nenda." Hakuja tena. Kanisani alikaa upande ule na mama upande huu, miaka yote, mpaka Taaka akarudi kwao Port Victoria, akafia huko.

Simcheki bibi. Alikuwa amezika watoto wake mwenyewe, na alitafuta namna ya kumkinga mjukuu huyu. Wala sijui kwa hakika kama ilikuwa dawa ile au mwili tu ulishindwa; Mungu anajua. Ninachojua ni kwamba tulimficha mtoto kwa watu wote, hata kwa yule mmoja aliyeuliza ili amlinde.

Mama mwenyewe hakulizungumza jambo hilo mpaka ugonjwa wake wa mwisho. "Taaka hakufanya kitu," aliniambia kitandani. "Mimi niliogopa mdomo wa watu kuliko dawa." Nilitafuta mtu wa kumpelekea neno hilo, nikaona Taaka na bibi wote wametangulia.

Tulipomzika, mchungaji aliwaita watoto wa marehemu watupe udongo. Nilitoka peke yangu. Nikatupa kiganja kimoja, nikainama tena, nikatupa na cha yule mwingine.