Mutoto Asiyepewa Chumvi

Muntu asije kuniambia mimi kwamba yaya yangu, dada yangu mukubwa Philomène, alikuwa na roho mubaya. Mutaa wetu muzima wa Kataki ulisema hivyo, na wengine bado wanasema, maana midomo haina kodi. Mimi nilikaa naye nyumba kwa nyumba, nilikula bukari yake, ni kusema ugali, na hasira ya ile miaka haijaniisha.

Ilikuwa bado Zaire. Magazini, ni kusema maduka ya muji, zilikuwa tupu, na Florent, bwana ya yaya, alikuwa anavuka ziwa mpaka Kigoma kuleta chumvi ya Uvinza. Magunia yalijaa mpaka chini ya kitanda. Ukiona wamama wamesimama na vikombe mbele ya nyumba yao, ujue Florent amefika. Na ndani ya nyumba hiyo hiyo, binti yao Claire alikuwa anakula bila chumvi. Sasa nenda kawaeleze watu.

Claire alianza kuvimba akiwa na miaka saba. Asubuhi uso unajaa, jioni ni miguu. Wajinga sisi, tulifurahi. Watu walipita kumupongeza yaya: mutoto amenona, kweli bwana yako anatafuta pesa. Yaya njo alianza kuogopa, kwa sababu mutoto aliyenona anacheza, na huyu alikuwa analala tu. Dokta alipopima mukojo akasema figo zimeharibika, na ugonjwa huo hautaisha, unalindwa tu. Dawa, kupumzika, na chumvi hapana, hata ya kuonja. Mashini ya kusafisha damu hapa kwetu hakuna, kwa hiyo nguvu kidogo iliyobaki kwenye figo isichezewe.

Dawa zilikuwa taabu, lakini taabu kubwa zaidi ilikuwa huruma ya watu. Yaya alimupikia Claire kwenye chungu chake kidogo, akatia nyanya na ndimu ili chakula kipate ladha. Claire anaonja, anasukuma sahani, anatoka nje. Nyumba ya kwanza wanamupa ndakala, zile dagaa za chumvi, ya pili wanamupa sombe, majani ya muhogo yenye chumvi. Kila mumoja anasema, maskini, kidogo tu haiui. Hebu fikiri, "kidogo tu" ya mutaa muzima! Yaya alienda mulango kwa mulango kuwaomba waache. Walimupa kiti, wakaitika vizuri. Kesho yake mutoto anarudi na mafuta ya ndakala kwenye vidole. Kisha wakaanza kunong'ona: mama gani huyu, analala juu ya magunia ya chumvi na kumunyima mutoto wake? Wengine wakatia na uchawi.

Halafu akafika mama ya Florent, Mama Thérèse, kutoka Baraka. Mama muzuri, simusemi vibaya, alimupenda mujukuu wake kuliko macho yake. Alipoona sahani ya Claire alilia. Yaya akamueleza maneno ya dokta, polepole, kwa heshima, leo na kesho na kesho kutwa. Na yeye kila mara anaitika: ndiyo, binti yangu, nimesikia.

Mutoto akazidi kuvimba. Chungu ni kile kile, dawa ni zile zile, mutaani hatoki tena, lakini anavimba tu. Yaya akaanza kujishuku mwenyewe, akaonja mpaka maji ya mutungi. Siku moja Claire akaamka macho hayafunguki, pumzi inakwama, tukakimbia naye hospitali mugongoni. Wakati wa kumuvua nguo, yaya akakuta fundo kwenye kona ya kitenge cha Claire. Akalifungua. Chumvi. Nkambo, bibi yake mwenyewe, alikuwa akimufungia, na mutoto analamba chini ya shuka kama sukari. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea.

Claire akapata nafuu, akarudi nyumbani. Yaya alitaka kusema na mama mukwe wake, Florent akamukata maneno.

"Mama hakumupa sumu," akasema. "Alimupa chumvi."

"Kwa Claire ni kitu kimoja."

Florent akawasha sigara. Tangu hapo yaya hakuomba muntu tena. Akaita watu wa mukokoteni, magunia yote yakaenda kulala bandarini kwa rafiki mumoja wa Florent. Nyumba nzima ikaanza kula bila chumvi: baba, nkambo, wageni, na mimi nilipopita. Kweli ya Mungu, bukari ile ilishuka kwa shida. Florent alinuna. Mama Thérèse akafunga mizigo yake, akasema hawezi kuzeekea gerezani, akapanda boti ya Baraka.

Claire alimulilia nkambo wake mpaka sauti ikakauka. Nilikuwepo. Uso wake ulikuwa umeshuka, tuliona tena mashavu yake ya kweli, na hakuna hata muntu mumoja aliyekuja kumupongeza yaya kwa hilo. Mutoto akamuangalia mama yake.

"Nkambo njo ananipenda," akasema. "Watu wote wananipenda. Wewe tu, hapana. Ninakuchukia."

Niliinua mukono nimupige. Yaya akaushika. Alikuwa amechoka, macho mekundu, na hata nguvu ya kugombana haikuwepo tena.

"Nichukie, mama," akamuambia. "Nichukie mpaka uzeeke."

Akamusogezea sahani.